Corolla 110 ikipata moto haipigi stata, inalia tik tu. Betri mpya, msaada wakuu

Mwenye110

Wakuu habari za jioni. Naombeni mwenye ujuzi anisaidie maana hii gari imeanza kunichanganya. Ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, gia otomatiki, nipo Dodoma. Shida iko hivi, asubuhi naingia nawasha inawaka vizuri tu, stata inazungusha kwa nguvu. Naenda zangu mjini, nikizima kidogo labda nimeingia dukani, nikirudi nikageuza funguo nasikia tik moja huko mbele afu kimya. Taa za dashibodi zipo, redio inapiga, honi inalia vizuri, ila stata haizunguki kabisa. Nikifungua boneti nikakaa pembeni kama nusu saa inakubali kama vile hakuna kilichotokea.

Halafu kuna hii nyingine, nikiiacha imepaki kuanzia Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi betri haina kitu, hapo inalia tik tik tik tik mfululizo na taa za dashibodi zinafifia. Fundi wa kwanza akasema betri, nimenunua mpya saizi ya NS40, shida palepale. Wa pili akachomoa terminali ya betri huku injini inaunguruma, gari haikuzima, akasema alteneta inachaji ila nusunusu, tubadilishe alteneta na stata kwa pamoja, spea za mtumba tu ni laki nne na ushee, hela ya ufundi bado. Kutoa hela sio tatizo sana ila nataka nitoe nikijua natolea nini. Na hii otomatiki hata ukiita vijana wasukume haiwaki. Mwongozo tafadhali.

KipangaTanga

Stata hiyo mkuu, wala usiumize kichwa. Siku ikigoma chukua spana ya magurudumu mtu ageuze funguo wewe ugonge kidogo bodi ya stata, ikizunguka ujue umepata jibu. Na usinunue stata nzima, wanakula hela zako bure! Stata nyingi za Toyota za miaka hiyo ni za Denso, ukifungua kile kichwa chenye skrubu nyuma utakuta vipande viwili vya shaba na plunja (kile kijiti cha chuma kinachovutwa na koili) yenye sahani ya shaba, hivyo vipande vinalika upande mmoja kuliko mwingine, sahani ikija inagusa kimoja tu, moto wa umeme haupiti, unasikia tik afu basi. Vinauzwa vipande vyenyewe, ni bei ya soda ukilinganisha na stata. Unaweka vipya unapiga grisi kidogo maisha yanaendelea.

Bwana_Plagi

Mimi napingana na mkuu hapo juu. 110 ikipata moto ikakataa kuwaka angalia distribyuta, ile inayogawa cheche kwenye plagi, igniter (kifaa cha kuwasha cheche) ya humo ndani ikipata joto inakata cheche, ikipoa inarudi. Mimi ya kwangu ilinisumbua hivyohivyo nikabadilisha distribyuta nzima mpaka leo sina shida.

FundiUmeme_Moro

Bwana_Plagi soma vizuri alichoandika. Igniter ikifa stata inazunguka kama kawaida ila injini haishiki. Huyu stata haizunguki kabisa, cheche hata hatujafika huko. Watu wanachanganya sana "haiwaki" na "haizungushi", ndo maana mtu anauziwa distribyuta wakati terminali imelegea. Kwa yule ambaye yake inazungusha haishiki, Toyota nyingi za miaka ya 90 zina kiboksi cha Diagnosis chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi on bila kupiga stata, uhesabu taa ya check engine inavyopepesa. Ikipepesa moja, ikapumzika, ikapepesa nne hiyo ni kodi 14, ishara ya cheche hairudi kwenye kompyuta, hapo ndo tuzungumze igniter na koili.

Sasa kwa mwenye uzi. Una magonjwa mawili kwenye gari moja na yanakuchanganya kwa sababu yote yanaishia kwenye gari kutowaka. Tik tik tik mfululizo huku taa zinafifia ni betri iliyoisha chaji, plunja inavuta, betri inazama, plunja inaachia, betri inapanda kidogo, inavuta tena. Tik moja na taa zako ziko palepale ni kitu kingine kabisa, betri ina moto ila moto haufiki unakotakiwa. Hilo la kwanza ni kitu kinakula chaji usiku, la pili tutalitafuta. Yote mawili hayahusiani na alteneta mpaka uthibitishe kwa mita.

Na hiyo ya kuchomoa terminali injini ikiwa inaunguruma mwambie fundi wako aache. Betri ndo inayotuliza umeme wa alteneta, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu kwa muda mfupi sana na huo muda mfupi unatosha kuua dayodi za alteneta au kompyuta ya gari. Ilifaa kwenye magari ya zamani ya dainamo yasiyo na kompyuta. Na jibu linalotoka hapo halina maana, gari kutozima haikwambii inachaji ngapi.

Nunua mita ya kidijitali, hata ya bei rahisi inatosha, weka kwenye volti za DC sehemu ya 20. Pima betri asubuhi kabla hujagusa kitu, iliyojaa inasoma 12.6 hivi, ikisoma 12.0 imeshaliwa sana. Washa gari upime tena ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.5, kisha washa taa kubwa na feni uone kama inashuka chini ya 13.5. Ikibaki juu alteneta yako nzima na ile laki mbili yake ibaki mfukoni.

Halafu mtu apige stata huku unapima. Mita moja kwa moja kwenye nguzo za betri, isishuke chini ya 9.6 wakati inazungusha. Kisha nyekundu kwenye bodi ya injini, sehemu ya chuma iliyo safi, nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, iwe chini ya 0.5, ikizidi hapo waya wa ethi (unaounganisha injini na bodi kwenye hasi ya betri) una kutu au umelegea. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri mpaka bolti nene ya stata. Hivi vipimo ni wakati inazungusha tu, ikiwa imetulia vitakuonyesha sifuri na utadhani waya ni mzima. Tafadhali usije ukaweka mita kwenye ampea ukapiga stata, utaiunguza hapohapo.

Kipimo chenyewe ninachokitaka zaidi ni hiki. Kwenye stata kuna waya mwembamba wenye soketi, huo ndo unaotoka kwenye swichi ya funguo. Siku ikigoma ikiwa na joto pima hapo mtu akiwa ameshikilia funguo kwenye stati. Ilete namba hapa.

KipangaTanga

Sawa fundi nakubali ila bado nasema ni vipande vya shaba, utaniambia 😄 Sisi huku pwani ethi zinaliwa na chumvi balaa, mtu anabadilisha betri mbili kumbe ule waya wa kusuka kati ya injini na bodi umebaki unga. Mwenye110 hata kama Dodoma hamna bahari fungua hizo terminali upige msasa.

Mama_Vitz

Samahani wakuu kuingilia, mimi sijui magari ila mume wangu yake ikigoma anatia gia N ndo inawaka. Labda ajaribu?

FundiUmeme_Moro

Dada wala hujaingilia, hiyo ni akili sana na nilisahau kuiweka. Otomatiki ina swichi kwenye gia inayoruhusu stata kwenye P na N tu. Ikichoka, P inakataa N inakubali, au mpaka utikise livu kidogo. Mwenye110 jaribu ikigoma, mguu kwenye breki.

Mwenye110

Wakuu nimerudi. Nimenunua mita nikaomba kijana wa jirani anisaidie kushika funguo. Asubuhi betri 12.4. Ikiwa imewaka 14.1, nikiwasha taa na feni 13.8. Wakati inazungusha asubuhi kwenye betri 10.4, upande wa ethi 0.2, upande wa chanya 0.3. Mchana nimezunguka nayo mpaka ikapata moto kweli, nikazima, nikajaribu, ikagoma, kwa mara ya kwanza nikafurahi gari kugoma 😂 N nayo imekataa, kutikisa livu hakuna kitu. Kwenye betri wakati kijana kashikilia funguo 12.2, haishuki kabisa. Ule waya mwembamba wa stata 7.6.

KipangaTanga nimegonga pia. Haijazunguka.

FundiUmeme_Moro

Safi sana, sasa tunaongea lugha moja. Alteneta yako haina tatizo, ethi nzima, waya mnene mzima. Betri kukaa 12.2 bila kushuka maana yake hakuna moto mkubwa unaokwenda, stata haijaanza kazi kabisa. Na hiyo 7.6 ndo mchawi mwenyewe. Betri inatoa 12.2, stata inapokea 7.6, volti nne na nusu zimepotea njiani kati ya betri, swichi ya funguo, swichi ya gia na stata.

Kwa nini asubuhi inakubali? Koili ya plunja ni ya shaba, na shaba ikipata joto upinzani wake unapanda, kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Stata yako iko jirani na injini, ikitoka nyuzi 25 asubuhi ikafika 85 koili inapitisha moto pungufu kwa karibu moja ya tano. Asubuhi hata volti zikiwa pungufu plunja inajivuta kwa shida mpaka mwisho, ikipata moto inasogea nusu inakwambia tik inaishia hapo. Joto halijaharibu kitu, limeanika tu udhaifu uliokuwepo.

Kabla hujafungua chochote hakikisha stata yenyewe. Ikigoma tena weka gia P, vuta hendibreki, swichi on, chomoa ile soketi ndogo, chukua waya wa maana wenye fyuzi ya 30 kutoka chanya ya betri ugusishe pini ya stata. Simama mbali na feni na mikanda, na hakikisha hakuna mtoto mbele ya gari. Ikizunguka kwa nguvu basi stata ni nzima na mzee wa Tanga atuombe radhi. Ikilia tik tena, nitamwomba mimi.

WaNakuru

Niaje wadau, nimesoma hii stori nikajua ni ile yangu. Mwenye110 hiyo gari iko na alamu? Ile ya kuekewa hapa na mafundi, sio ile ilikuja nayo kutoka Japani. Wengi wao wanakata waya wa stata chini ya dashibodi wanaeka rilei ndogo (swichi inaendeshwa na umeme) katikati ndio mwizi asiweze kuwasha. Hiyo rilei ikizeeka na zile maungio zao za kukunja waya na tepu, moto inapita kidogo kidogo. Mimi nilibadilisha stata nzima ya bure, fundi wa waya akakuja akang'oa hiyo kitu akachomelea waya na risasi, mpaka wa leo inawaka na nusu funguo.

Mwenye110

WaNakuru alamu ipo, nimeikuta nimenunua gari ikiwa nayo, rimoti yenyewe haifanyi kazi siku nyingi. Ngoja nicheki.

FundiUmeme_Moro

Eeh hapo amenena. Plunja wakati inajivuta inakula ampea nyingi, zaidi ya taa zako zote mbili za mbele zikiwaka, halafu mtu anaipitisha kwenye rilei ya uchochoroni na waya wa kipaza sauti. Toa plastiki ya chini ya usukani, fuata waya mnene unaotoka kwenye swichi ya funguo wenye moto wakati wa stati tu. Usikisie kwa rangi, pima. Utaona umekatwa na kuingizwa vitu. Pima kabla ya rilei na baada ya rilei mtu akiwa ameshikilia funguo, usipime soketi ikiwa imechomolewa stata maana bila mzigo hata waya uliobaki nyuzi moja unakuonyesha 12 ukadanganyika.

Bwana_Plagi

Kwani asiweke tu rilei mpya kubwa mbele kwenye injini, moto utoke moja kwa moja kwenye betri, waya wa zamani uendeshe rilei tu? Mafundi wengi wanafanya hivyo inawaka safi.

FundiUmeme_Moro

Inawaka ndio, mbinu yenyewe sio mbaya, kwa namba za pini za rilei, 30 moto kutoka betri kupitia fyuzi, 87 stata, 86 waya wa zamani, 85 ethi. Kwa gari ambayo swichi ya funguo imechoka na spea yake haipatikani nafanya hata mimi. Ila huyu ana waya unaopoteza volti nne na nusu chini ya dashibodi, volti zikipotea na ampea zinapita zinageuka joto, na hilo joto liko pembeni ya kapeti na plastiki. Ukiweka rilei umeficha tu, maungio mabovu yamebaki palepale yakisubiri. Kwanza atoe uchafu, ikibaki pungufu ndo tuweke rilei.

Mwenye110

Jamani jamani. Kwanza ile ya waya wa moja kwa moja nimeifanya ikiwa imegoma, stata imezunguka mpaka nimeshtuka. KipangaTanga pole 😄

Nikafungua chini ya usukani. Kuna kiboksi cheusi cha alamu kimefungwa kwa tepu, kuna rilei plastiki yake imegeuka kahawia upande mmoja, na waya wa stata umekatwa ukakunjwa na waya mwembamba mwekundu. Kabla ya rilei 11.6, baada ya rilei 8.0, kwenye stata 7.6. Ukigusa yale maungio baada ya kujaribu kidogo tu yana joto la kukufanya uondoe kidole. Nimemwita fundi umeme mwingine kabisa, katoa alamu yote, waya kaurudisha ulivyokuwa kwa risasi na ile mipira ya kubana kwa joto. Sasa hivi kwenye stata nasoma 11.2. Nimetoka nayo mpaka Chamwino na kurudi jua kali, nimezima na kuwasha kila nilipojisikia.

Sasa ile ya betri kuisha wikiendi. Nilidhani ni alamu pia ila nimeacha imepaki siku moja tu asubuhi nakuta 12.2.

FundiUmeme_Moro

Hongera. Sasa ndo mita inaingia kwenye ampea, na hapa hupigi stata, hufungui swichi. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A. Chomoa terminali ya hasi ya betri, mita ikae katikati ya nguzo na terminali. Mlango ukiwa wazi taa ya ndani inakula na itakuharibia hesabu, kwa hiyo bonyeza kitufe cha mlango au funga na upitishe waya dirishani. Subiri dakika kadhaa vitu vilale. Chini ya 0.05 uko salama, redio kutunza stesheni na saa vinakula hapo. Ikizidi anza kuchomoa fyuzi moja moja, ile itakayoishusha namba ndo upande wa mwizi, na usisahau kiboksi cha fyuzi cha kwenye injini.

Mwenye110

0.42. Nimechomoa fyuzi zote ndani na nje, haishuki hata kidogo.

WaNakuru

Uko na muziki ya nyongeza? Amplifaya?

Mwenye110

Ipo kwenye buti, mwenye gari wa zamani alikuwa mtu wa muziki. Mimi hata situmii.

FundiUmeme_Moro

Basi umeshaipata. Amplifaya inachukua moto betri moja kwa moja, ndo maana fyuzi za gari hazikusaidii. Ina waya mwembamba wa kuiamsha ambao unatakiwa utoke kwenye redio, ukizima redio nayo inalala. Wavivu wanauunganisha kwenye moto wa kudumu, inakaa macho usiku kucha. Piga hesabu, 0.42 mara saa 60 za Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni ampea-saa 25. Betri yako NS40 ikiwa mpya ina kama 35. Kinachobaki hakizungushi injini, na kila ukiimaliza namna hiyo unaipunguzia umri, hata hiyo mpya.

Na angalia huo waya mnene wa amplifaya kama una fyuzi karibu na betri. Kama hauna, utoe leo leo. Ukichubuka popote kwenye bodi njiani unapiga shoti na hakuna cha kuukata.

Mwenye110

Hauna fyuzi. Umepita chini ya kapeti mpaka buti, karibu na pedali umeshaanza kuchubuka. Nimeutoa wote pamoja na amplifaya. Mita sasa inasoma 0.02. Mwenye kuhitaji amplifaya aje PM, nauza bila waya.

KipangaTanga

Bei gani? Ntaweka fyuzi 😄

Mama_Vitz

Mimi naomba kuuliza, hiyo mita ya kidijitali ukifika dukani unaombaje wasikupe isiyofaa?

FundiUmeme_Moro

Waambie multimita ya DC yenye tundu la 10A pembeni, na waijaribu kwenye betri yoyote mbele yako kabla hujalipa. Ukifika nyumbani, ukimaliza kupima ampea rudisha waya mwekundu tundu la volti palepale. Ukisahau ukaenda kupima volti za betri, unakuwa umepiga shoti mwenyewe.